Kabla Hujafunga Chuma Nyuma ya Gari

Nanasi likishaiva halikusubiri upate hela ya kukodi Fuso. Ndiyo maana Desemba ikikaribia, wakulima wa Kiwangwa wenye gari dogo huzunguka nyuma ya bampa na kujiuliza kama haliwezi kuvuta katela. Mimi ni mmoja wao. Shamba langu liko Kiwangwa, nyumba iko Bagamoyo mjini, na katikati kuna lami ya Makofia kwenda Msata, ile inayovuka Ruvu na kupita Fukayosi. Gari ni Nissan X-Trail ya 2015. Kwangu ni jipya, ingawa yuko Mjapani aliyelitumia kabla yangu.

Kabla ya kulima nilikuwa muuguzi. Kazi ile humzoesha mtu kusoma lebo kwanza, sindano baadaye, na mazoea hayo sijayaacha. Kwa hiyo nilipotaka gari livute tela sikuanza na bei. Nilianza kuuliza linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Nimegundua swali hilo huwachosha mafundi kuliko mteja anayeomba kukopeshwa.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, kijana anayechomelea mageti, alijilaza chini ya gari kidogo tu akainuka anapangusa mikono.

"Mama, hii kazi ndogo. Nakuchomea hapa nyuma, jioni unaondoka nalo."

"Hapo unapotaka kuchomea, mwanangu, pana unene gani?"

Akagonga kwa spana. Pakalia bati tupu. Tukatazamana, mimi nikamshukuru, nikawasha gari.

Tatizo halikuwa ustadi wake. Mageti yake ni mazuri. Tatizo ni namna gari lenyewe lilivyoundwa. Land Cruiser, Prado na Hilux zina chasisi: reli mbili nene za chuma zilizolala chini, bodi imekalishwa juu yake. Ukifunga kitu kwenye reli zile umefunga kwenye mfupa. Lakini X-Trail, RAV4, Harrier na Forester, ambazo ndizo zimejaa barabara ya Tegeta hadi Bunju, hazina chasisi ya namna hiyo. Bodi ndiyo chasisi. Ni mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa kiwandani, na nguvu yake imo kwenye mikunjo. Sehemu chache tu zinaweza kubeba mvuto, na kwa nyuma ni mihimili miwili ya ndani, kulia na kushoto, iliyojificha nyuma ya bampa. Ukichomelea chuma kwenye bati la kawaida, moto unaunguza rangi ya kinga upande wa ndani, mahali ambapo huoni wala hufikii kupaka tena. Kwa watu wa mwambao huo ni mwaliko wa kutu. Siku moja unapanda tuta la Mapinga na tela linabaki nyuma na kipande cha gari lako.

Kinachotakiwa ni chuma cha kuvutia kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyo hiyo, kinachofungwa kwa bolti kwenye mihimili ile. Magari ya Japani hufika bandarini Dar es Salaam bila chuma hicho kwa sababu kule ni wachache wanaovuta tela na gari la familia, na tela likizidi uzito wa jumla wa kilo 750 dereva hutakiwa leseni nyingine. Lakini gari la modeli hiyo hiyo liliuzwa pia Uingereza na Australia, nchi ambazo watu huvuta boti, farasi na vibanda vya likizo kila wikiendi. Kwa hiyo chuma chake kipo duniani, na mara nyingi hata matundu ya bolti utayakuta tayari chini ya gari lako, yamezibwa na vizibo vya plastiki.

Unapoagiza, au unapozunguka maduka ya spea ya Kariakoo na Shaurimoyo, usitaje jina la gari peke yake. X-Trail zimetoka T30, kisha T31, kisha T32, na nyuma hazifanani. Soma namba ya chasisi: langu linaanza na NT32, maana yake ni T32 ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Muuzaji akikwambia "hii inaingia X-Trail zote", mwambie asante.

Chuma halali kina kibati, na kibati hicho ndicho lebo yangu. Kwenye vile vilivyopitishwa kwa viwango vya Ulaya utaona herufi E ndani ya duara, namba ya idhini, na herufi S ikifuatwa na kilo. S ni uzito ambao pua ya tela inaruhusiwa kukandamiza chuma kuelekea chini. Kisicho na kibati kinaweza kuwa kizuri sana, lakini hakuna anayejua, hata aliyekitengeneza.

Sasa twende kwenye kilo, maana hapo ndipo watu wengi hudanganywa na macho. Gari kuwa kubwa hakusemi linavuta nini. Chukua RAV4 ya mseto, ile ya petroli na umeme, ilivyouzwa Australia kuanzia 2019: ya magurudumu mawili iliruhusiwa kilo 480, ya magurudumu manne kilo 1,500. Sura ile ile, kiti kile kile, tofauti mara tatu. Kale kagari kadogo ka Suzuki Jimny kameandikiwa kilo 1,300 tela likiwa na breki zake, lakini kilo 350 tu tela likiwa halina. Land Cruiser 300 inafika 3,500.

Umeona neno breki linavyobadilisha hesabu. Tela lisilo na breki linasimamishwa na gari lako peke yake, na vitela vyetu karibu vyote havina. Ulaya tela la namna hiyo haliruhusiwi kuzidi kilo 750 kwa jumla, na vitabu vya gari kama langu huishia hapo hapo. Kwa jumla, yaani uzito wa tela lenyewe umo ndani. Tela langu tupu ni kilo 220. Zinabaki 530. Nanasi la Kiwangwa ukilikadiria kilo moja na nusu, ni mananasi kama 350 hivi. Mimi napakia 300 na kufunga turubai. Wapo wanaoniambia nyuma pamebaki nafasi. Najua pamebaki, nafasi siyo mzani.

Namba ziko nyingi: ya gari, ya chuma, ya kichwa cha mviringo kinachoingia kwenye pua ya tela, ya tela, ya matairi ya tela. Ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Ukifunga chuma cha kilo 2,000 kwenye gari la kilo 750, una gari la kilo 750 lenye chuma kizito.

Kuna jambo la pili la uzito ambalo nalipenda kulieleza kwa sababu kila mtu aliyewahi kusukuma mkokoteni sokoni tayari analijua mikononi. Magunia yakilundikwa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inakunyanyua. Yakiwa mbele mno, inakushusha na kukuvunja mgongo. Tela ni hivyo hivyo. Pua yake inatakiwa ikandamize kidogo, kama asilimia kumi ya uzito wote, bila kuvuka ile S ya kwenye kibati. Kwa kilo 670 zangu natafuta kilo 60 na kitu hadi 70. Napima kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu: naiweka chini, nasimamisha kigogo cha mti juu yake, nalaza pua ya tela juu ya kigogo kwa urefu ule ule wa kichwa cha gari, nasoma. Ikizidi narudisha mananasi nyuma, ikipungua nayasogeza mbele. Kilo hizo zinaingia pia kwenye hesabu ya mzigo wa gari, pamoja na abiria na ndoo za kwenye buti. Nyuma ikishuka sana, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi wa hatari na taa zinawapofusha wanaokuja.

Pua nyepesi ndiyo inayoua. Barabara ya Msata inatumiwa na mabasi mengi ya Tanga na Arusha, na basi likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza unakusukuma kisha unakuvuta. Tela lililopakiwa vibaya linaanza kupiga mkia: kushoto, kulia, kushoto tena, kila mara kwa upana zaidi. Mguu unataka kukanyaga breki. Usikanyage. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ufe wenyewe. Halafu simama pembeni upange mzigo upya, usijifariji kwamba limetulia.

Kuhusu gia. X-Trail yangu ina gia za CVT, zile za mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na adui yake ni joto. Ukitoka bonde la Ruvu na mzigo jua la saa nane, panda polepole, usilibane mafuta hadi chini. Oili yake kwa T32 ni NS-3. Nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu hakikuandikwa kwa ajili ya mananasi. Fundi anayetaka kukuwekea oili yoyote ya gia za otomatiki "kwa sababu zote ni nyekundu" mwache aweke kwenye gari lake.

Umeme. Nyuma ya gari inakaa soketi ya mashimo saba, na rangi za nyaya zina utaratibu unaojulikana: ya manjano ni indiketa ya kushoto, ya kijani ni ya kulia, nyekundu ni breki, nyeusi na kahawia ni taa ndogo za kushoto na kulia, nyeupe ni erthi, na bluu ni ya taa ya ukungu ambayo huku kwetu mara nyingi inabaki bila kazi. Nusu ya matatizo ya taa za tela ni nyeupe hiyo: erthi imefungwa kwenye chuma chenye rangi au kutu, basi ukiwasha indiketa taa zote zinakonyeza. Nusu nyingine inatokana na fundi kuunganisha nyaya za tela moja kwa moja kwenye nyaya za taa za gari. Gari la zamani linavumilia. Haya ya sasa taa zake zinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta ikiona mzigo isioutarajia inazima taa au inaungua, na bei yake inazidi ya tela. Dai kisanduku cha rilei kinachochukua moto wake kwenye betri kupitia fyuzi yake, na kutoka kwenye taa za gari kinachukua ishara tu. Ni kitu kidogo kama kiberiti. Usimruhusu mtu akwambie siyo lazima.

Kichwa nacho kina vipimo. Kinachotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika ni cha milimita 50. Tela lililotoka Marekani linaweza kutaka cha inchi 2, ambacho ni milimita 50.8, au kidogo zaidi cha milimita 47.6, au kikubwa cha 58.7. Kichwa cha 47.6 ndani ya pua ya 50 kitakaa vizuri uwanjani na kuchomoka kwenye tuta. Namba imegongwa juu ya kichwa chenyewe. Pangusa grisi usome. Chini yake pitisha minyororo miwili kwa mkingamo, ili pua ikichomoka iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Minyororo ifungwe kwenye chuma, siyo shingoni mwa kichwa, maana kichwa kikikatika kitaondoka nayo.

Fundi aliyenifungia mwishowe nilimpata Tegeta, mtu mzima, mpole, mwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza ambayo haazimishi. Alitoa bampa, akapaka rangi ya zinki kila tundu kabla ya kupitisha bolti, akakaza kwa namba. Bolti zilikuwa za daraja 8.8, imegongwa vichwani. Aliniambia nirudi nikishavuta kilomita kama mia ili akaze upya, na akakasirika kidogo nilipochelewa.

Zinki ile siyo anasa. Hewa ya Bagamoyo ina chumvi hata kwa asiyefika ufukweni, na wanaofika wana shida yao ya pekee. Pwani yetu ni tambarare. Bamvua ikipwa, maji yanaondoka mbali na tela la boti linabidi lisukumwe kwenye mchanga na matope mpaka yalipo. Watu hufika kutoka Mbweni au Kunduchi, mikono ya ekseli bado ya moto, wanaingiza tela baharini hapo hapo. Kitovu cha gurudumu kikipoa ghafla kinanyonya maji ya chumvi kupitia mpira wa kuzuia grisi, na baada ya wiki chache beringi zinasaga. Subiri kitovu kipoe hadi mkono uvumilie. Ukitoka, mwagia maji baridi ya bomba tela lote, pamoja na chuma cha gari. Tela la boti linunuliwe lililochovywa zinki, siyo lililopakwa rangi. Na beringi za akiba zikae kwenye gari, pamoja na grisi na mpira wake, kwa sababu saa mbili usiku Kerege hakuna atakayekuuzia.

Kuna matumizi mengine ya chuma hiki ambayo nayakataa hadharani, na nimeshagombana na watu juu yake. Gari likinasa kwenye udongo mweusi njia ya Saadani wakati wa masika, cha kwanza watu wanachofanya ni kutundika kamba kwenye kichwa cha tela na kulivuta kwa kushtua. Kichwa kimetengenezwa kwa mvuto wa taratibu. Kikishtuliwa kinaweza kukatika shingoni na kuruka na kamba kwa kasi ya risasi. Australia watu wamekufa kwa namna hiyo wakiwa wamekaa ndani ya gari. Wala usitumie vile vitundu vyembamba vilivyo chini ya gari. Hivyo ni vya kufungia gari lisicheze ndani ya meli lilipokuwa linakuja. Kama chuma chako ni cha bomba la mraba, chomoa kichwa, ingiza jicho la kamba ndani ya bomba, pitisha pini yake, na uwaambie watazamaji wasogee mbali kuliko urefu wa kamba. Watakuita mwoga. Waache.

Tela nalo ni chombo mbele ya sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka lisajiliwe kama gari linavyosajiliwa, na taa zake ziwake. Trafiki wa njiani mara nyingi huangalia taa na tairi kwanza. Muulize pia mtu wako wa bima, kwa maandishi, kama bima ya gari inafunika linachokivuta. Jibu la mdomo halilipi.

Kurudi nyuma nalo ni somo, ila fupi: shika usukani chini kabisa kwa mkono mmoja. Unataka tela liende kushoto, peleka mkono kushoto, kulia, kulia. Taratibu sana. Uwanja wa mpira mchana wa jua kali, watoto wakiwa wamelala, ndiyo shule nzuri kuliko zote.

Shemeji yangu ana boti ya faiba ya mita sita, na tangu aone chuma changu amekuwa mtu wa kuniletea samaki. Anataka nimvutie boti kutoka uani kwake hadi ufukweni. Nimemwambia atupe hesabu: faiba yenyewe, mashine, tela, na petroli, maana lita 100 peke yake ni kama kilo 75. Anasema boti haipimwi, inaeleweka. Nami nimepiga hesabu ya haraka nikaona imepita 750 kabla hatujapakia nyavu, na tela lake halina breki. Samaki nimepokea. Boti inaendelea kwenda na trekta.